Jamaa yetu na jamaa ya karatasi: njia ndefu kutoka Malemba-Nkulu hadi mahojiano ya viza

Wapenzi wasikilizaji wa Malemba-Nkulu, na ninyi wandugu mliokimbia vita mkabaki Kamina, Bukama, Lubumbashi ao ng'ambo ya mpaka, Zambia, kuna swali moja linalorudi kila mara kwenye redio: mtoto wangu yuko Amerika, ameniombea viza, sasa mbona wananiuliza mambo ya zamani hivi? Wanataka tarehe ya ndoa. Wanataka jina la mama mzazi liwe sawa kwenye karatasi zote. Wanataka cheti cha mtoto aliyezaliwa porini tukiwa mbioni. Jibu lake halianzii ubalozini Kinshasa. Linaanzia hapa kwetu, miaka mia iliyopita, siku mzungu alipotaka kuiandika jamaa ya Muluba kwenye buku.

Mwaka wa 1910 Wabelgiji waliunda Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta vijana vijijini kwa ajili ya migodi. Reli ilipofika Bukama mwaka wa 1918, wanaume wa kando ya Lualaba walipanda mto mpaka pale, wakapanda treni kwenda Elisabethville. Mwanzoni walienda peke yao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka mfanyakazi aende na bibi yake, akae miaka mingi, watoto wazaliwe kambini. Basi karani alianza kuuliza: bibi yako ni nani? Watoto wangapi? Na bila karatasi ya ruhusa, ile passe de mutation, mtu hakuweza kuhamia mjini kihalali.

Tazama vizuri hapo, kwa sababu ndipo tofauti ilipozaliwa. Kijijini mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Baba mdogo ni baba. Kambini nyumba ilikuwa ya mume, bibi mmoja na watoto wao, basi. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikaza zaidi: ndoa ya bibi wa pili iliyofungwa baada ya mwaka huo haikutambuliwa tena na serikali. Wazee wetu walijifunza kuwa na jamaa mbili, moja ya moto wa jikoni na moja ya buku. Mimi naona hatujaacha desturi hiyo hadi leo.

Halafu kukaja mambo ya majina. Mwanzoni mwa 1972, katika siasa ya authenticité, Mobutu alikataza majina ya kikristo. Mama aliyebatizwa Marie kwa wamisionari akawa Ngoie peke yake. Baada ya 1990, Marie akarudi. Kwa hiyo karatasi ya ubatizo ina jina moja, kitambulisho cha Zaire lingine, na kadi ya mpiga kura, ambayo tangu 2005 ndiyo kitambulisho cha wengi, ina yote mawili ao nusu yake. Aliyeandika kadi naye aliandika alivyosikia: Ngoy, Ngoie, Ngoyi. Zaidi ya hapo, kwetu watoto wa baba mmoja hawashiriki jina la ukoo kama wazungu. Wa kwanza ni Ilunga, wa pili Kabamba, wa tatu Mwamba, kila mmoja amechukua jina la mzee wake. Kwetu hilo ni heshima. Kwa afisa wa viza ni watu watatu wasiofahamiana, mpaka karatasi zionyeshe baba na mama ni walewale.

Sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, ilitaka kuziba pengo hilo. Ilimpa mzazi siku 30 za kumwandikisha mtoto kwenye etasivili, na ikataka ndoa ya desturi nayo iandikishwe. Lakini kwa mtu wa kijiji cha mbali, siku 30 zilikuwa mzaha: masika, mto umejaa, ofisi iko mwendo wa siku mbili. Marekebisho ya Julai 2016 yameongeza muda hadi siku 90.

Kisha vita. Kati ya 2002 na 2006 Mai-Mai na majeshi ya serikali waligeuza sehemu hizi, kutoka Malemba hadi Mitwaba, Manono na Pweto, kuwa mahali pa kukimbia. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba Mei 2006, lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kuungua, na makaratasi ndani yake. Wakongo wengi wa Katanga walikuwa Zambia, katika kambi za Mwange na Kala, na Meheba iliyokuwepo tangu 1971. Kutoka kambi za Zambia na Tanzania, baadhi yao walichaguliwa kwenda kuishi Marekani.

Huko wakakutana na jamaa ya buku ya tatu. Sheria ya Marekani ya 1965 ndiyo iliyoiweka jamaa kuwa mlango mkubwa wa kuingia nchi ile. Raia anaweza kumwombea mume ao bibi, watoto, na akiwa ametimiza miaka 21, pia wazazi na ndugu zake. Ndugu husubiri zaidi ya miaka kumi. Mwenye kibali cha kudumu tu huombea mwenzi na watoto wasiooa wala kuolewa. Aliyefika kama mkimbizi ana fomu yake, I-730, isiyolipiwa kitu, kwa ajili ya mwenzi na watoto wa chini ya miaka 21 wasio na ndoa, lakini lazima aipeleke ndani ya miaka miwili ya kwanza. Mjomba hayumo. Nyanya hayumo. Yatima uliyemlea tangu vita hayumo, isipokuwa ulimchukua kisheria kabla hajafika miaka 16 na kuishi naye miaka miwili.

Hapo ndipo machozi yanapotoka. Mtu kambini aliulizwa watoto wake, akataja saba, kwa sababu kweli anawalisha saba. Wanne aliwazaa, watatu ni wa marehemu dada yake. Mbele ya desturi yetu hakudanganya. Mwaka wa 2008 Wamarekani walijaribu kupima DNA za jamaa za wakimbizi Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Waliweza kuthibitisha uzazi wote uliotajwa kwa chini ya moja ya tano ya jamaa. Na hesabu hiyo iliwahesabu pia waliokataa kupimwa. Mlango ule wa kuunganisha jamaa ulifungwa Oktoba 2008, ukafunguliwa tena 2012, kipimo cha DNA kikiwa sharti. Waliofungiwa walikuwamo wengi ambao kosa lao lilikuwa kumwita mpwa mtoto.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama jina la mpwa limo kwenye fomu, sema ni mpwa. Kama kuna mtoto uliyemsahau kambini kwa hofu, mtaje sasa, na mwambie aliye Amerika aandike barua ya kueleza. Mbaya zaidi ni karatasi ya kununua. Afisa hulinganisha uliyosema miaka kumi iliyopita na unayosema leo, na akigundua cheti cha uongo, anaweza kukufungia njia maisha yote.

Miaka ya 1960 Marekani walikuwa na konsula Elisabethville. Siku hizi mahojiano ya viza ya uhamiaji hufanyika Kinshasa, baada ya kupimwa na daktari anayekubaliwa na ubalozi. Kumbukeni pia kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na masharti yanabadilika mara kwa mara. Ulizeni kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya safari. Aliyepitwa na siku 90 anaweza kwenda mahakamani pamoja na mashahidi wanaojua kuzaliwa kwake, apate hukumu, kisha etasivili imwandikie cheti. Majina kwenye hukumu hiyo myasome herufi kwa herufi kabla ya kutoka mlangoni.