Kuzima vipengele vinavyosumbua kwenye kisomeo

Kuzima vipengele vinavyosumbua ni kupanga upya kisomeo cha kielektroniki ili ukurasa ubaki na maneno ya mwandishi peke yake. Kifaa hiki, ambacho kwa Kifaransa huitwa liseuse, kina kioo cha wino wa kielektroniki kilichobuniwa kifanane na karatasi. Hata hivyo, tangu Amazon ilipotoa Kindle ya kwanza mnamo Novemba 2007, juu ya karatasi hiyo yamezidi kurundikwa mambo ambayo kitabu hakikuwa nayo.

Linalosumbua kuliko yote ni mistari ya wasomaji wengine. Kuanzia 2010, Kindle huonyesha vifungu vilivyopendwa na wengi: chini ya sentensi hutokea mstari wa nukta, pamoja na idadi ya watu walioiwekea alama. Kabla msomaji hajaifikia sentensi hiyo, jicho limekwisha kuikimbilia. Ameonyeshwa pa kuguswa kabla hajaguswa. Kitabu cha mtumba nacho huwa na mistari ya kalamu, lakini ni ya mtu mmoja, na mtu mmoja huzoeleka kama mwenzi wa safari. Umati hauzoeleki. Mistari hiyo huzimwa kwenye mipangilio, katika chaguo za kusoma. Huonekana katika vitabu vya duka la Amazon. Faili binafsi iliyohamishwa kutoka kompyuta kwa waya wa USB haina mistari hiyo.

Asilimia ya kitabu iliyosomwa na dakika zilizobaki kumaliza sura hukaa pembeni chini. Kwenye Kindle, pembe ya kushoto ikiguswa mara kadhaa, maandishi hubadilika hadi pabaki patupu.

Matangazo ni habari nyingine. Mwaka 2011 Amazon iliuza Marekani Kindle yenye matangazo kwa dola 114, badala ya 139. Matangazo hayo hukaa kwenye kioo kilicholala na ukurasa wa mwanzo, wala hayaingii ndani ya kitabu. Mwenye kifaa hulipa ili yaondolewe.

Njia fupi ya kupata utulivu ni kukata mtandao. Kwa mfano, huko Kinsevere, kwenye mgodi wa shaba ulio kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, msomaji aliyechagua menyu ya Kifaransa ataiona kwa jina la Mode Avion, yaani hali ya ndege. Ikiwashwa, mapendekezo mapya ya duka hayaingii, na betri hudumu zaidi, faida kubwa penye umeme wa kukatika.

Si kila kinachojitokeza ukurasani ni cha kuzimwa. Kamusi inayofunguka neno likibonyezwa kwa muda hungoja kuitwa. Maana fupi zinazoandikwa juu ya maneno magumu ya Kiingereza humkera ajuaye lugha hiyo, lakini aliyesomeshwa kwa Kifaransa, kama wengi wa Katanga, afadhali aziache hadi azizidi.

Kumeta kweusi kwa kioo ukurasa unapofunuliwa pia hupunguzwa kwenye mipangilio. Kumeta huko husukuma upya chembe nyeusi na nyeupe za wino ili kivuli cha ukurasa uliopita kifutike. Kukipunguzwa, kivuli hafifu cha herufi huweza kubaki, na wapo wanaosumbuliwa na kivuli kuliko kumeta.