Fosforasi Inayomeng'enyeka

Mnunuzi mzoefu wa dagaa wa mifugo, pale Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, huchota konzi moja, akaisugua viganjani na kutazama kinachochuruzika. Dagaa walioanikwa ufukweni hubeba mchanga, na mchanga huongeza uzito bila kumpa nguruwe hata chembe ya fosforasi. Fosforasi imo kwenye vijifupa vya dagaa wenyewe.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, "mbeba nuru". Hennig Brand wa Hamburg, aliyekuwa akitafuta njia ya kutengeneza dhahabu, aliipata mwaka 1669 kwa kuchemsha mikojo, akaiona iking'aa gizani.

Kwa mfugaji, uzito uko kwenye neno linalofuata: inayomeng'enyeka. Wapo wanaosema "inayomeng'enywa", na hapo maana inapotea. Kauli ya kutendwa hueleza kinachofanyika. Ile ya kutendeka hueleza kinachowezekana, kama tusemavyo maji ya kisima hiki yananyweka. Anayechanganya chakula anataka kujua hilo la pili: katika kila kilo, nguruwe anaweza kupata kiasi gani?

Pumba za mpunga ni mfano mzuri. Fosforasi imejaa humo, ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya fitati, akiba ambayo mmea huiweka kwenye mbegu. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kuivunja. Nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kazi hiyo, kiitwacho fitezi. Ndiyo maana viwanda vya chakula cha mifugo huongeza fitezi hiyo. Nguruwe anayekua akikosa fosforasi, miguu hulegea na kupinda, naye akadumaa huku kihori kimejaa pumba.

Fosforasi ya mifupa, iwe ya dagaa au ya mapanki (mabaki ya mifupa) ya sangara yaliyosagwa, humeng'enyeka vizuri zaidi, na vivyo hivyo ile ya unga wa madini wa DCP (fosfeti ya kalsiamu) wa madukani. Chokaa isichukuliwe kuwa mbadala. Ina kalsiamu tu, na ikizidi huzuia hata fosforasi iliyopo isifyonzwe. Fosfeti ghafi ya Minjingu, mkoani Manyara, ni mbolea nzuri shambani, lakini floraidi yake nyingi huharibu meno na mifupa ya mnyama; isiingie kihorini.

Fosforasi isiyomeng'enyeka hutoka na kinyesi. Mwanza ni jiji la miamba na miteremko, hivyo mvua hukisomba kinyesi hicho hadi Ziwa Victoria, na fosforasi yake hulisha mwani na magugumaji, yale yale yanayozonga mitumbwi ya wavuvi wa dagaa.