Karani wa Shamba la Bibi

Sisi vijana wa Songea tukisikia neno "hifadhi", picha inayotujia ni ileile: askari mwenye bunduki begani, au Mzungu mwenye darubini amesimama juu ya Landrova. Nani anamfikiria mtunza stoo? Nani anamkumbuka karani, mhasibu, fundi wa magari, mpishi wa kambi? Ndugu msomaji, hebu leo tuwafuate hawa, maana hatima ya tembo wa kusini imepita mikononi mwao mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji, na moja ya mapori ya kwanza kutengwa lilikuwa upande wa Rufiji. Tangu hapo kumwinda tembo kukahitaji kibali. Kwa maneno mengine hifadhi iliingia kwetu kama karatasi, na mtu aliyekuwa akiwinda kama babu yake alivyowinda akajikuta mhalifu kwa kukosa karatasi hiyo. Wapo wanahistoria wanaozihesabu sheria za uwindaji na misitu miongoni mwa manung'uniko yaliyoleta Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mwisho wake tunaujua sisi watu wa hapa, maana kaburi la mashujaa walionyongwa mwaka 1906 lipo hapahapa mjini, kwenye makumbusho. Baada ya vita ikaja njaa, vijiji vikafa, pori likasogea, na wanyama wakaingia palipokuwa mashamba.

Wazee huliita pori lile Shamba la Bibi, eti Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe. Mwaka 1922 Waingereza wakalipa jina la Selous, mwindaji wao aliyeuawa vitani kule Beho Beho, Januari 1917. Bibi hajawahi kulilima, na bwana mwenye jina alikuja kuwinda. Basi!

Kisha akaja Ionides, Bwana Nyoka, aliyeingia Idara ya Wanyamapori mwaka 1933 na kuweka makao Liwale. Vitabu vinamsifu kwa kutembea pori zima kwa miguu. Sawa, lakini chakula chake, hema lake na risasi zake vilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Na katika miaka ya 1940, maelfu ya watu walipohamishwa kutoka nchi ya Liwale kwa sababu ya malale na pori likapanuliwa, kazi ile haikufanywa na mtu mmoja shujaa. Kuhamisha watu kunataka orodha, tarishi na posho. Kumbe kalamu nayo inaweza kumtoa mtu kwenye kaburi la babu yake.

Sasa njoo kwenye hesabu zenyewe. Mwaka 1976 tembo wa Selous na mapori ya jirani walikadiriwa kufika 109,000. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukawamaliza hadi wakabaki kama 30,000. Mwaka 1989 serikali ikaanzisha Operesheni Uhai, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya meno ya tembo. Hayo yanajulikana. Lisilosimuliwa sana ni utaratibu ulioanza mwaka 1994, ambapo nusu ya mapato ya Selous, mengi yakiwa ya uwindaji wa kitalii, yaliachwa palepale porini badala ya kwenda yote Hazina. Si habari ya kusisimua, najua. Hakuna atakayetunga riwaya juu ya fungu la matumizi. Lakini fungu hilo ndilo dizeli, matairi, posho ya doria, betri za redio za upepo. Mtunza stoo akiwa na vitu, askari anatoka kambini. Kufika mwaka 2006 tembo walikadiriwa kuwa zaidi ya 70,000.

Halafu, katikati ya miaka ya 2000, hela ile ikaacha kubaki porini. Askari walikuwepo, bunduki zilikuwepo, ila gari halitembei kwa maji. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Bei ya meno ilipanda Asia, na wakubwa wenye mikono michafu hawakukosekana. Lakini tazama: sensa ya 2009 ilikuta kama 39,000. Ya mwaka 2013 ilikuta 13,084. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikakatwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Huku kwetu hadithi ina upande mwingine. Kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji kuna ushoroba, njia ya tembo inayopita Namtumbo na Tunduru katikati ya vijiji vya watu. Kule Likuyu Sekamaganga kipo chuo kinachowafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Na kanuni za mwaka 2002 zikaruhusu vijiji kuunda jumuiya zao za hifadhi, kama ile ya Mbarang'andu. Ila kabla ya kupata haki ya kutumia mnyama hata mmoja, kijiji kinatakiwa kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, katiba, usajili, viongozi waliochaguliwa. Karatasi ileile ya Wissmann, safari hii wanakijiji ndio wanaoiandika. Hapo anahitajika katibu, anahitajika mweka hazina, na mara nyingi kinachohitajika ni kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejua kupiga hesabu na kuandika muhtasari unaosomeka.

Na tembo akila mahindi? Tangu mwaka 2011 zipo kanuni za kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo yanategemea ekari, na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo asubuhi ile, tembo wakishaondoka, lazima mtu aje na kamba na daftari, apime shamba la mama wa watu huku mabua yamelala chini, aandike ekari ngapi, halafu ampe fomu aweke dole gumba.