Ukusanyaji wa santuri za dansi za Afrika Mashariki
Ukusanyaji wa santuri za dansi ni utafutaji na uhifadhi wa nakala za toleo la kwanza, hasa za miaka ya 1970 na 1980. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zao zilichapwa Nairobi. Zilizoenea zaidi ni za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, chemko (sehemu ya mwisho ya kasi, ya kuchezea) likiangukia upande wa pili. Albamu ni chache, mojawapo *Agwaya* ya Orchestra Makassy (Virgin, 1982). Toleo hutambuliwa kwa lebo na namba iliyochongwa kwenye utepe usio na mifereji, kando ya lebo. Mikwaruzo, vumbi na joto hushusha thamani. Soko la Kenyatta, Nairobi, hujulikana kwa biashara ya santuri hizo.