Manowari ya Boksi, Sehemu ya 3: Mzinga wa Njiti ya Kiberiti

Sehemu ya 1 tulichora. Sehemu ya 2 tukakata mkuku na mataruma, yaani uti wa mgongo na mbavu za chombo. Leo tunaweka mzinga. Soma polepole, maana kwenye mzinga ndiko historia ya hii meli ilikojificha.

Kwa aliyeingia leo: meli tunayoijenga ni Graf von Götzen, ambayo wewe unaijua kwa jina la MV Liemba. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wazazi wetu waliipanda Kasanga kwenda Kipili, Kigoma au Mpulungu. Urefu wake ni kama mita 71, upana kama mita 10. Sisi tunajenga kwa kipimo cha moja kwa mia, kwa hiyo mita moja ya meli ni sentimita moja mezani kwako. Chukua rula: sentimita 71 kwa 10. Ubao wa chini ni mbao nyepesi, ubavuni ni maboksi matupu ya glovu. Mimi ni nesi, maboksi hayo hayanipigi chenga. Wewe tumia hata boksi la sabuni, ilimradi ni gumu na kavu.

Sasa tukubaliane jambo moja. Hii meli haikuzaliwa manowari. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, iwe ya abiria na mizigo. Waliifunga kwa bolti kwanza, wakahakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipanga kwenye masanduku kama 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa meli, yakapanda kwa reli kwenda Kigoma. Kule ikaunganishwa upya, safari hii kwa ribiti, na ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Yaani meli yenyewe ilikuja kama hizi modeli za dukani: vipande ndani ya boksi, ukajiunganishie nyumbani.

Wakati inashuka majini, vita vilikuwa vimeshaanza, tangu Agosti 1914. Meli ya abiria ikageuzwa ya vita. Mzinga wakautoa wapi? Hapa ndipo panapochekesha na kusikitisha. Kule pwani, kwenye delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilibanwa na Waingereza, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake wakaiopoa. Mmoja wa kipenyo cha sentimita 10.5 ukasafirishwa mpaka Kigoma, ukafungwa kwenye Götzen. Kwa hiyo manowari ya ziwa letu ilivaa jino la marehemu wa baharini.

Twende kwenye kazi. Mtutu wa mzinga ule ulikuwa na urefu wa mita 4 na kidogo. Kwa kipimo chetu ni sentimita 4 na kidogo. Pima njiti ya kiberiti. Umeona? Inakaribia kabisa. Kata kichwa chake kwa wembe, isugue kwa msasa laini hadi iwe mviringo, upande wa mbele uwe mwembamba kuliko wa nyuma. Kitako tengeneza kwa kipande cha boksi ulichokunja mara mbili, gundisha, acha usiku mzima. Usiharakishe gundi. Gundi ni kama kidonda, ukikigusa kabla hakijakauka unaanza upya.

Kuna watakaoniambia nesi, mzinga ni chuma, weka hata msumari basi. Nawajibu hivi. Modeli yoyote ni ya siku fulani. Ukishaamua kujenga meli, lazima uamue ni meli ya tarehe gani, la sivyo utachanganya vitu ambavyo havikuwahi kukaa pamoja. Mimi nimechagua mwezi Julai 1916, na mwezi ule mzinga wa Götzen ulikuwa wa mti.

Ndiyo, wa mti! Mzinga wa kweli ulikuwa umeshang'olewa ukapelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu. Ili adui asijue, wakaweka wa bandia wa mbao. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa kukokotwa milimani kule Kongo, na kwa mto. Desemba 26, 1915 walikamata Kingani, Februari 9, 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen hawakuigusa. Ilikuwa kubwa mno kwao. Kwa hiyo kuna siku ambazo mti uliochongwa ulishika ziwa.

Na si Kigoma tu. Ndugu zangu wa Kasanga, lile boma la Bismarckburg mnalijua, magofu yapo. Juni 1916 boti za Waingereza zilifika kuzuia Wajerumani wasitoroke kwa maji. Inasimuliwa kwamba kamanda wao, Spicer-Simson, aliona mizinga bomani akarudi nyuma, Wajerumani wakaondoka zao, na baadaye ikaonekana ile mizinga nayo ilikuwa ya mti. Kwa hiyo njiti yako ya kiberiti usiionee aibu. Ukiweka msumari, umetengeneza kitu kigumu zaidi lakini umesema uongo.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe, kusini ya Kigoma, baada ya kuipaka injini grisi nzito isile kutu. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sasa piga hesabu na mimi. Mzinga ule wa Königsberg haukukaa mwaka mzima kwenye sitaha. Abiria walikaa zaidi ya miaka themanini.

Ndiyo maana kwenye modeli yangu naweka watu. Kwa kipimo chetu mtu mzima ni sentimita 1.7 hivi, unamchonga kwa ncha ya kijiti. Masimulizi mengi yanataja mafundi watatu wa Meyer waliokuja na masanduku: Rüter, Wendt na Tellmann. Vibarua wa Kiafrika waliobeba na kupiga ribiti, majina yao huyakuti. Na vita vyenyewe, upande wa Waingereza peke yake, vilitumia wapagazi karibu milioni moja, na wanaokadiriwa kufa ni kama 95,000. Niongee kama nesi: wengi wao hawakuuawa na risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mzinga wa mti ulimtisha kamanda, lakini maji machafu hayakumhurumia mpagazi.

Meli hii hii imeyaona magonjwa hayo tena. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walibanana Kagunga, kijiji cha ufukweni kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba ndiyo iliyokuwa ikienda na kurudi, inapakia watu mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Ukiniuliza ni siku gani hii meli ilikuwa na nguvu kuliko zote, sitakutajia siku ya mzinga.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii: mzinga mmoja wa njiti, na watu wasiopungua ishirini. Wapange kuanzia omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma. Mtoto wako akiuliza hawa ni akina nani, mwambie ndio waliobeba. Akiuliza mzinga mbona ni wa mti, mwambie ndivyo ulivyokuwa.

Sehemu ya 4 tunapaka rangi na kusimamisha dohani, lile bomba la moshi. Mwenye mzee aliyefanya kazi bandari ya Kasanga, kaa naye uandike anayokwambia, ukiweka na jina lake. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.