Nusu saa ya mpiga enanga

Juma hili nataka twende Karagwe, pamoja na jirani yake Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hiyo ya Karagwe hadi ilipotengwa mwaka 2012. Huko kwenye migomba na kahawa kuna jambo linalopita hewani ambalo sisi wa mijini hatulijali. Mtangazaji wa redio ya wilaya anamwalika studio mpiga enanga, au mtunzi wa kijitabu, au kiongozi wa kikundi cha ngoma, au mwalimu wa kwaya, nao wanazungumza. Nusu saa ikiisha linasomwa tangazo la msiba, au la ng'ombe aliyepotea, na mazungumzo yale yanakuwa yamekwenda na upepo. Mimi nasema nusu saa ile ni historia, nasi tunaitupa.

Watu wa Karagwe hawakuanza jana kuhojiwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Speke aliandika katika kitabu chake kwamba mfalme yule aliwalaki kwa Kiswahili kizuri. Hebu tulipime jambo hilo. Hapakuwa na shule wala serikali ya kikoloni, na pwani ilikuwa mwendo wa miezi kwa miguu. Lakini njia ya biashara ilikwisha kufika, na pale Kafuro, ndani ya Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani. Kwa hiyo mazungumzo ya mwanzo kabisa ya Karagwe tuliyo nayo katika maandishi yalifunguliwa kwa Kiswahili, na maswali yalitoka pande zote mbili, maana Rumanyika naye alitaka kujua habari za dunia ya wageni wake.

Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda Buganda, Grant alibaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mguu uliokuwa na kidonda. Mguu ule umetufaa sana. Mtu asiyeweza kutembea hukaa akatazama na kusikiliza, na ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1864 kina maelezo ya nanga ya Karagwe: kipande cha mti kilichochongwa mfano wa sinia, na uzi mmoja unaopitishwa kwenda na kurudi mara saba au nane. Ukienda leo Bukoba au Karagwe ukaonyeshwa enanga, utaitambua mara moja kwa maelezo hayo. Tatizo ni kwamba wageni wale walituachia umbo la chombo kuliko maneno yaliyoimbwa juu yake.

Maneno hayo yalingoja zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1975 Israel Katoke alitoa kitabu cha historia ya ufalme wa Karagwe, na sehemu kubwa ya kazi yake ilisimama juu ya masimulizi ya wazee. Mwaka 1983 Mugyabuso Mulokozi, mwenyeji wa mkoa huo huo wa Kagera, aliandika makala mashuhuri akiuliza kama wapiga enanga wa Buhaya ni watunzi wa tendi, yaani zile tungo ndefu za mashujaa. Swali hilo halikuwa la mchezo. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa amesema kwamba tendi haziko kwa wingi katika bara letu. Mulokozi alimjibu kwa kuwasikiliza wapiga enanga wenyewe, na jibu lake lilikuwa ndiyo, ni watunzi wa tendi. Angewategemea walioandika habari zao bila kuwasikiliza, asingekuwa na jibu.

Na redio je? Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Watumishi wake walizunguka mikoani na mitambo wakirekodi ngoma na bendi, na kwa kazi hiyo tunawashukuru. Lakini mtu aliyesikika kwa njia hiyo alisikika akipiga, hakusikika sana akieleza. Aidha, lugha ya redio ya taifa ilikuwa Kiswahili, kwa sababu za kujenga umoja ambazo mimi sizibezi hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba Mnyambo aliyetaka kusikia lugha inayokaribiana na yake alizungusha kisahani mpaka akaipata Radio Uganda, iliyokuwa na matangazo ya Kinyankole, na Kinyankole na Kinyambo husikilizana bila mkalimani.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Mjini Kayanga, shirika la FADECO, lililoasisiwa na Joseph Sekiku kwa ajili ya maendeleo ya wakulima, lilianzisha redio ya jamii mwaka 2007. Pia ipo Radio Karagwe. Wakulima walitaka kujua bei ya kahawa na ugonjwa wa migomba, wakapata, na pembeni mwa hayo wasanii nao wakapata mahali pa kusemea.

Sasa nifike penye kiini. Masharti ya leseni nchini ni kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine ni mpaka upate kibali. Niliwahi kusikiliza kipindi, kituo sikitaji, ambapo mzee mmoja aliulizwa asili ya wimbo wake. Kwa Kiswahili alijibu sentensi mbili, za heshima, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Baadaye alipotaka kueleza namna ya kukaza nyuzi alihamia Kinyambo bila kujijua, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya fundi. Mtangazaji akamkatiza: "Mzee, tutumie lugha ya taifa." Kisha akamuuliza ana ujumbe gani kwa vijana. Mzee akawaambia vijana wasome kwa bidii. Basi, kipindi kikaisha.

Simlaumu sana kijana yule, alikuwa analinda leseni ya watu. Lakini angalieni ajabu hii. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa albamu ya Maria Salome, akaimba Kihaya, na redio za nchi nzima zikaipiga usiku na mchana. Wasiojua hata neno moja wakaimba naye. Kwa hiyo wimbo wa Kihaya ni halali, na maelezo ya wimbo kwa Kihaya ni taabu. Dawa yake wala si ngumu: mzee aseme kwa lugha yake dakika tano, mtangazaji afasiri, na kibali kiombwe kwa kazi hiyo. Mtangazaji wa Karagwe anayeogopa msamiati ana pa kuegemea, maana Josephat Rugemalira, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amekwisha kutunga kamusi ya Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza, na sarufi ya lugha hiyo ameiandika pia.

La pili ni utunzaji. Sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji kupeleka nakala za kitabu chake Maktaba Kuu. Kwa hiyo mtunzi wa kijitabu huko Nkwenda, akichapisha kurasa thelathini, ana rafu inayomngoja Dar es Salaam. Mpiga enanga aliyezungumza kwa nusu saa hana rafu. Kompyuta ya studio ikijaa, kinachofutwa kwanza ni vipindi vya zamani, na matangazo ya biashara yaliyolipiwa hubaki.

Ningekuwa na mamlaka ningeanza na mambo madogo. Kila mazungumzo yaandikiwe jina la mgeni, kijiji chake, tarehe, na jina la aliyeuliza. Nakala moja ibaki Kayanga, moja iende makao makuu ya wilaya ya Kyerwa, na moja ipelekwe Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu. Na lile swali la ujumbe kwa vijana lisogezwe mwisho kabisa wa kipindi. Mahali pake mzee aulizwe nani alimfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani, na kila uzi wa enanga yake unaitwaje.