Si Jekundu, ni Zambarau

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa klabu alimsindikiza shangazi yake kwa daktari, hapa London, awe mkalimani. Daktari aliuliza kama titi limekuwa jekundu. Mwenzetu akatafsiri. Shangazi akajibu, "Hapana mwanangu, si jekundu." Hakudanganya. Titi lilikuwa limevimba na lina moto, lakini kwenye ngozi yake nyeusi rangi ilikuwa zambarau. Walirudi nyumbani na dawa za kuua bakteria. Wiki zikapita kabla ya kupimwa na kukutwa na saratani ya matiti ya uchochezi, ile inayolifanya titi livimbe kama lenye jipu.

Tulipotafuta historia ya ugonjwa huu, ilitupeleka mtaani kwetu. Hospitali ya Middlesex, Mortimer Street, ilifungua wodi ya wagonjwa wa saratani mwaka 1792. Ilifungwa mwaka 2005, ila kikanisa chake bado kipo. Charles Bell, mpasuaji wa hospitali hiyo, aliandika mwaka 1814 kwamba ngozi iliyo juu ya uvimbe ikigeuka zambarau, pamoja na maumivu ya kuchoma, ni dalili mbaya. Yaani mtu wa kwanza kuueleza ugonjwa huu alitaja rangi ileile aliyoiona shangazi.

Mwaka 1887 Thomas Bryant wa Guy's Hospital, ng'ambo ya London Bridge, alieleza kinachotokea: saratani imeingia katika mishipa midogo ya limfu ndani ya ngozi. Mishipa ikiziba, majimaji hukosa njia. Titi huvimba na ngozi hupata vishimo kama ganda la chungwa. Ndiyo maana mara nyingi hakuna goroli la kupapasa kwa vidole. Mwaka 1924, Lee na Tannenbaum wa New York waliandika kuhusu wagonjwa 28, na jina la uchochezi likashika.

Jina hilo lina mtego. Linafanya mtu afikirie vijidudu, hasa kwa mama anayenyonyesha, na dawa za vijidudu haziondoi saratani. Leo madaktari huangalia mabadiliko ya haraka, yasiyozidi miezi 6, yaliyoshika angalau theluthi ya titi. Kisha huchukua kinyama cha titi, na mara nyingi kipande cha ngozi, wakakipima kwa hadubini. Ngozi isipoonyesha kitu, ugonjwa bado unaweza kuwepo. Kinyama cha titi ndicho kinachothibitisha saratani.

Shangazi sasa yuko kwenye matibabu. Nasi tumejifunza kwamba kutafsiri neno hakutoshi. Siku tukiwasindikiza mama zetu, tuulize hivi: ngozi imebadilika rangi, yoyote ile? Ina moto? Titi moja limekuwa zito kuliko lenzake? Na dawa zikiisha bila nafuu, turudi kwa daktari mara moja, tusione haya.